Kitanda cha Juu

Faridu.

Haya, jina nimelitaja. Wiki nzima mmenijazia simu meseji, "sema basi, nani huyo kwenye simu ya Schola?" Ndiye huyo, Faridu. Na meseji yenyewe, ile ambayo Nyangwine aliifungua Scholastica alipoinuka kwenda kunawa mikono, ilisema hivi:

"Karibu sana Bi Scholastica. Mwenza wako chini ya maji nitakuwa mimi, Faridu. Usiwe na hofu, nitakushika mkono mpaka uzoee."

Nitakushika mkono!

Nyangwine akasukuma wali pembeni, akaisoma tena. Hapo ni Mugumu, hotelini kwa Mama Agustina, mchana kweupe, watu wamejaa. Yeye fundi pikipiki, mtu wa kufungua injini macho yamefumbwa, leo meseji moja imemshinda kuifunga.

Schola akarudi anakung'uta maji mikononi.

"Umeshika simu yangu?"

"Faridu ni nani?"

"Unasoma meseji zangu?"

"Mimi ndio nimeuliza kwanza. Faridu ni nani?"

Schola akakaa, akavuta sahani yake, akachukua paja la kuku kama vile hakuna lililotokea. "Ni kiongozi wa wazamiaji kwenye ile boti. Chini ya maji huendi mwenyewe, lazima uwe na mwenza. Hewa ikikuishia anakupa yake."

"Anakupa yake! Mdomoni?"

"Kwa mpira, Nyangwine. Mtungi una mipira miwili."

"Na huo mpira ameutoa mdomoni kwake?"

"Wa pili ni wa akiba!"

"Wa akiba," Nyangwine akarudia, kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu. Meza ya jirani wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na supu.

Sasa kama wewe gazeti hili limekufikia leo limefungia maandazi, nikuweke sawa haraka. Schola ni mlinzi wa bwawa la kuogelea kwenye hoteli moja ya watalii, njia ya kwenda hifadhini. Anakaa kwenye kiti kirefu, filimbi shingoni, wageni wanaogelea, yeye anawaangalia wasife. Mwaka jana akasomea kuzamia, akafaulu, akapewa kadi. Likizo yake imefika. Wiki ijayo anapanda boti moja kule Pemba, boti ya kulala humohumo: unaamka unazama, unakula, unazama tena, jioni unalala juu ya maji, wiki nzima hukanyagi mchanga. Na anaenda peke yake. Hana shoga wa kufuatana naye, hana ndugu, hana mchumba wa kumbebea begi.

Mchumba mwenyewe ndiye huyu. Na huyu, maji yakimfika magotini, anaanza kusali.

"Mooooooo!"

Hotelini watu wakaruka. Mama Agustina akachungulia mlangoni kuona nani kaingiza ng'ombe. Kumbe ni simu ya Nyangwine mfukoni. Mlio wake ni sauti ya Sirari, dume lake jekundu lenye baka jeupe kifuani, lililonunuliwa mpakani Sirari likaitwa jina la huko. Alilirekodi mwenyewe kwao Nyanungu. Mteja alikuwa anaulizia pikipiki yake. Nyangwine akakata.

"Hata dume lako lina adabu kuliko wewe," Schola akasema. "Linaita, halichunguzi."

"Schola, mimi sitanii. Ukienda kushikwa mkono na Faridu, hakuna ng'ombe anayetoka bomani kwangu."

Schola akaweka mfupa chini. Taratibu.

"Ng'ombe wa mahari walishachaguliwa, Nyangwine. Mjomba wangu Sylvester alimgusa Sirari kwa fimbo mbele ya watu. Kwa hiyo usinitishe na mali ambayo si yako. Unailisha tu. Jumamosi wanakuja kuiswaga, mimi naenda zangu safari, nikirudi tunafunga harusi. Nini kigumu hapo?"

"Kigumu ni kwamba unaenda peke yako!"

"Ndiyo. Mimi kila siku nalinda watu. Sitaki mlinzi."

Akainyakua simu yake mezani. Lakini kabla kioo hakijazimika, jicho la Nyangwine likadaka mstari wa mwisho wa ile meseji: *Chumba namba nne, kitanda cha chini ni chako. Cha juu bado kiko wazi.*

Cha juu kiko wazi!

*

"Kwa hiyo," Dullah akasema, pini mdomoni, mguu kwenye cherehani, "kuna kitanda juu ya kichwa cha mchumba wako."

"Kiko wazi."

"Na hujui nani atapanda."

"Dullah, nitakupiga."

Dullah ni fundi nguo, kibanda chake kinapakana na gereji ya Nyangwine. Babu yake alitoka Tanga na cherehani, akafika Mugumu, akaoa hapahapa. Maneno ya Tanga hakuyaacha njiani, alimwachia mjukuu.

Akashika simu, akaingia kwenye ukurasa wa ile boti, akasoma kwa sauti. "Wasafiri wa peke yao tunawachanganya wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Isipokuwa nafasi zikibana."

"Zikibana!" Nyangwine akashika kichwa. "Unaona? Wanajua watakachofanya! Zitabana tu!"

"Basi kijaze wewe."

"Mimi ni mwanaume."

"Weka mwanamke. Mwanamke ambaye hatafika. Kitanda kinalipiwa, kinabaki kitupu mpaka safari iishe. Schola analala, juu yake kuna hewa na Mungu."

Wasomaji wangu, wivu ukishapanda, ujinga unavaa suti. Nyangwine alimwangalia Dullah kama kaona nabii.

Dullah akatoa laini yake ya pili, ile isiyojulikana na mtu, ikaingia kwenye simu ya Nyangwine. Jina? Ofisi ya boti ilitaka picha ya kitambulisho. Nyangwine alikuwa nayo moja ya mwanamke, tangu siku alipomsaidia dada yake kusajili laini. Dada yake Mokami.

Ni Mokami aliyemlea baada ya wazazi wao kutangulia. Na kwetu huku mnajua mambo yalivyo: dada akiolewa, ng'ombe walioingia kwa jina lake ndio wa kumwolea mdogo wake. Kwa hiyo hata Sirari, ingawa alinunuliwa mpakani, pesa yake ilitokana na mahari ya Mokami. Na sasa jina la Mokami linaenda kulala Pemba, mwenyewe yuko Nyanungu anapepeta mtama.

"Umesafiri kwa boti mara ngapi?" ofisi ikauliza.

"Nyingi," Nyangwine akaandika.

"Vizuri. Boti inakaribia kuondoka, malipo yote leo tafadhali."

Yote, leo. Nyangwine akaangalia gereji yake: spana, tairi, na jogoo wa jirani. Dullah akajidai anatafuta pini iliyoanguka.

"Ungempigia tu ukamwambia, 'Schola, naona wivu,'" Dullah akasema kutokea chini ya meza. "Ni bure hiyo."

"Mwanaume wa Kikurya aseme hivyo?"

"Basi mwanaume wa Kikurya alipe."

Akalipa! Na alivyolipa ndipo mtu mzima unaweza kulia. Alipanda pikipiki mpaka Nyanungu, akamtoa Sirari malishoni Mokami akiwa shambani, akamuuza kwa mchuuzi mmoja mwenye Fuso. Fuso hiyohiyo ilikuwa imebeba dume jingine kutoka Kisaka, jekundu, baka jeupe kifuani, bei ya chini. Ukiliangalia kwa mbali ni Sirari mtupu. Ukiliangalia kwa karibu... Nyangwine hakutaka kuliangalia kwa karibu. Akalinunua kwa sehemu ya pesa ya Sirari, nyingine ikaenda kwenye boti, akalifungulia bomani likaingia na ng'ombe wenzake, akajifuta jasho.

Sirari alipopandishwa kwenye Fuso aligeuza shingo, akalia mara moja. Mooooooo. Nyangwine akashika mfuko wa suruali kwa mazoea, akidhani ni simu.

*

Sasa sikilizeni shetani anavyofanya kazi.

Kesho yake yuko chini ya pikipiki ya mtu, oili mpaka kwenye kope, simu ikatetema. Meseji imeingia kwenye ile laini ya Dullah.

"Habari dada Mokami! Mimi ni Scholastica, mwenzako wa chumba. Ofisi wamenipa namba yako, wanasema ndio utaratibu wao, tujuane mapema. Nimefurahi sana kupata mwanamke!"

Nyangwine akainuka haraka, akagonga kichwa kwenye injini.

"Usijibu," Dullah akanong'ona.

Ameshajibu. "Nzuri mdogo wangu. Na mimi nimefurahi."

"Unatokea wapi dada?"

"Musoma."

"Wee! Kumbe wa kwetu! Hata wifi yangu mtarajiwa anaitwa Mokami."

"Mokami tupo wengi," akaandika, vidole vinateleza kwa oili.

"Mara ya mwisho ulizamia wapi?"

Nyangwine akamwangalia Dullah. Dullah akaangalia dari. Maji gani anayajua Nyangwine? Anayajua maji mamoja tu.

"Manchira," akaandika.

"MANCHIRA? Lambo letu? Dada, yale si maji ya kunywa ya Mugumu nzima! Na matope yale unaona nini?"

"Nilifuata ndoo."

Nyangwine akafumba macho. Basi, ameshajulikana, imekwisha.

Halafu zikaingia sura za kucheka, mstari mzima, mpaka kioo kikajaa njano. "Dada Mokami, wewe tutaelewana!"

Na wakaelewana! Hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Schola aliandika asubuhi, aliandika mchana, aliandika akiwa kwenye kile kiti chake kirefu. Alimwambia Mokami jinsi alivyoichagua ile boti: aliwatafuta wanawake waliowahi kwenda peke yao, akawauliza mmoja mmoja kama mlango wa chumba unafungwa kwa ndani, kama wahudumu wana heshima, kama mtu akisema leo sizami wanamlazimisha. Alimwambia amempitia daktari wa masikio. Kwamba ana vidonge vya kichefuchefu, na siku ya mwisho mtu hazami kama atapanda ndege, damu inakuwa na hewa. Mambo yote haya Nyangwine ndio anayasikia leo.

Akajikaza. Akauliza swali alilolilipia dume zima.

"Na huyo Faridu vipi? Kijana mzuri?"

"Babu Faridu? Dada, yule mzee ana wajukuu wanaozamia! Meno ya mbele hana. Ameniambia nimshike mkono vizuri maana goti lake linamsumbua akipanda ngazi."

Gereji nzima ilisikia kicheko cha Nyangwine. Akamkumbatia Dullah, akamkumbatia mwenye pikipiki, akampunguzia bei. Mzee! Hana meno! Akanunua soda mbili akanywa zote yeye.

Alipomaliza ya pili, akasoma meseji iliyofuata.

"Nikwambie siri dada? Naogopa. Sijui kama nitaweza. Lakini mimi nimekaa miaka ukingoni naangalia watu wengine ndani ya maji. Nikipuliza filimbi ndio wanajua nipo. Nataka niwe ndani mimi, hata wiki moja, nisimwangalie mtu na mtu asiniangalie. Hii sijamwambia mtu yeyote."

Nyangwine akasoma mara ya pili. Mtu yeyote?

"Hata mchumba wako hujamwambia?" akaandika.

"Hajawahi kuniuliza. Yeye anauliza tu nani yuko huko."

Jamani!

Alikaa kwenye tairi bovu, simu mkononi. Na taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kisima, ukaanza kumpanda wivu mpya, mkubwa kuliko wa Faridu. Aliuona wazi na akaona aibu, lakini haukushuka.

Alikuwa anamwonea wivu Mokami.

Yaani huyu Mokami ni nani, mtu kakutana naye juzi, anaambiwa siri? Anaitwa dada? Anachekewa mstari mzima? Yeye Nyangwine akituma meseji, Schola anajibu "sawa". Mokami akituma, anajibiwa gazeti!

Jioni akamkuta Schola nje ya duka la dawa, macho kwenye simu, anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota noti.

"Unaandikiana na nani?"

"Na mwenzangu wa chumba. Nimepata mwanamke, anaitwa Mokami. Si ulikuwa unaogopa kitanda cha juu? Furahi basi."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Ananisikiliza."

"Usiamini watu wa kwenye simu. Huyo unajua hata sura yake?"

Schola akamwangalia juu mpaka chini, kwenye oili yote ile. "Sura siijui. Lakini namjua kuliko wewe ninayejua sura yako."

Akaondoka. Nyangwine akabaki barabarani, ameshindwa na mwanamke ambaye hayupo.

*

Jumamosi ikafika. Nyanungu, jua limeshapanda, boma limefagiliwa, Mokami wa kweli kavaa kitenge kipya anakoroga togwa. Mjomba Sylvester kafika na vijana wa kuswaga, fimbo mkononi, kofia ya pama kichwani.

"Shikamoo mjomba," Nyangwine akasema.

"Marahaba, mura. Ng'ombe wameamkaje?" Mura ni kijana, kwa Kikurya.

"Salama, mjomba."

Mjomba Sylvester hakukaa. Aliegemea ukuta wa boma, akawa anawatazama ng'ombe kama mwalimu anavyotazama darasa. Huyu ndiyo. Huyu ndiyo. Huyu ndiyo. Fimbo ikafika kwa dume jekundu lenye baka jeupe. Ikasimama hapo.

"Huyu ni nani?"

"Si ndiye Sirari, mjomba," Nyangwine akajibu haraka mno.

"Sirari." Mzee akaingia ndani ya boma, akalizunguka. "Sirari!" akaita. Dume likaendelea kutafuna. "Mura, siku ile Sirari alinikanyaga mguu huu hapa, nikachechemea mpaka kwangu. Ng'ombe aliyekukanyaga humsahau. Huyu sura ameichukua, mwendo ameuacha."

Mokami akaacha kukoroga. Akasogea na mwiko wake unadondosha togwa, akalitazama dume, akamtazama mdogo wake. Yeye si mtu wa maneno mengi. Akasema moja tu, kwa Kikurya, ambalo siwezi kuliandika kwenye gazeti la familia.

"Amekonda kidogo," Nyangwine akasema. "Ukame."

"Ukame unabadilisha pembe?" Mokami akauliza.

Hapohapo mfukoni simu ikatetema. Meseji. Nyangwine akageukia ukuta akachungulia.

"Dada Mokami, nisaidie. Mjomba yuko kwa mchumba wangu sasa hivi. Tumekubaliana ananipigia kabla ng'ombe hawajatoka, nikisema watoke, wanatoka, nimeshaolewa. Nikisema wabaki, wanabaki. Jana nilikuwa na jibu. Leo sina. Ungekuwa mimi ungeolewa na mtu anayekulinda kama mali?"



Jibu lilikuwa rahisi, si ndiyo? Neno moja. *Watoke.* Aliliandika. Kidole kikafika kwenye alama ya kutuma.

Na kikagoma.

Kwa sababu akisema Mokami, Schola ataolewa kwa neno la Mokami. Maisha yake yote Nyangwine atajua kwamba mke alimpata kwa kuombewa na mwanamke wa kitanda cha juu. Wivu uleule uliomuuzisha Sirari ukamshika kidole. Hapana. Schola amchague yeye! Asichaguliwe na mwingine!

Akafuta. Akaandika "Muulize yeye mwenyewe." Akafuta. Akaandika "Samahani." Akafuta na hiyo.

Huko upande wa pili, Schola anaona tu "anaandika... anaandika... anaandika..." na hakuna kinachokuja.

"Mura," Mjomba Sylvester akaita nyuma yake, "mimi ni mzee, lakini macho yangu hayajazeeka. Dume nililolichagua liko wapi?"

"Mjomba, ni hilo..."

"Sawa." Mzee akatoa simu yake ndogo ya tochi. "Nampigia binti yangu. Aamue yeye kama anaolewa kwa dume la kuazima."

Akabonyeza. Akaweka sauti kubwa, maana simu hizi za tochi zina spika ya kuamshia kijiji. Vijana wa kuswaga wakasogea. Mokami akasogea na mwiko.

"Shikamoo mjomba," sauti ya Schola ikajaa bomani.

"Marahaba mwanangu. Huku kuna jambo. Sirari hayupo. Wameniwekea mgeni."



"Hayupo? Ameenda wapi?"

"Mchumba wako anasema amekonda."

Nyangwine akajifanya anamtoa kupe dume la Kisaka.

"Mjomba," Schola akasema, "usikate simu. Kuna dada mmoja nilimwomba ushauri, naona anaandika hamalizi. Ngoja nimpigie kwa simu yangu ya kazini nimsikie kwa sauti yake. Nikimsikia huyo, nakupa jibu."

Nyangwine akaelewa. Akaelewa yote kwa pamoja, mkono ukaruka mfukoni kuizima, lakini suruali ya harusi aliyoshonewa na Dullah ilimbana, Dullah alimwambia itamkaa vizuri, na mkono ukakwama kwenye mfuko...

"MOOOOOOOO!"

Boma zima likageuka. Dume la Kisaka likainua kichwa. Mjomba Sylvester akadondosha fimbo.

"Huyo!" mzee akapiga kelele. "Huyo sasa ndiye Sirari! Yuko wapi?"

"MOOOOOOOO!"

Vijana wanaangalia nyuma ya zizi. Mmoja kachungulia jikoni. Mokami peke yake hakugeuka popote. Alikuwa anaangalia suruali ya mdogo wake inayotetema.

Kwenye spika ya mzee kikasikika kitufe cha simu nyingine kikibonyezwa. Sirari akanyamaza ghafla, kama amekatwa.

Sekunde hazikupita nyingi.

"MOOOOOOOO!"

Akanyamaza tena. Yaani kama mtu anayewasha taa na kuizima ili ahakikishe swichi ni ipi.

"Mjomba." Sauti ya Schola ilikuwa ndogo na tulivu, sauti ya mtu aliyeshuka kwenye kiti kirefu. "Niambie kitu kimoja tu. Sirari analilia wapi?"

Mjomba Sylvester akamfuata Mokami kwa macho mpaka alipokuwa anaangalia.

"Mwanangu," akasema polepole, "analilia mfukoni kwa mchumba wako."

Togwa likaanza kuungua.

"Basi mjomba," Schola akasema, "mpe simu Mokami."

Dada yake Nyangwine akafuta mkono kwenye kitenge, akaunyoosha kuipokea.

"Sio wifi," Schola akasema. "Yule mwingine. Yule aliyefuata ndoo Manchira. Mwambie nimemuuliza swali, na jibu lake ndilo langu."

Mzee akamnyooshea Nyangwine simu.